UZI: Wastani wa 72 unathibitisha nini kuhusu mhitimu wa shahada ya uuguzi?

#1 Mkufunzi wa Wodi (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, hasa mliomo katika kamati za mitaala na mitihani, nawasalimu.

Karibu kila programu ya shahada ya uuguzi sasa ina orodha ya matokeo ya ujifunzaji: mhitimu ataweza kutoa huduma salama, kufanya uamuzi wa kitabibu unaotegemea ushahidi, kuwasiliana na mgonjwa na jamaa zake, kushirikiana na wanataaluma wengine, kuongoza zamu, na kadhalika. Orodha hizo nyingi zimeandikwa vizuri na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu unaanza pale mkaguzi wa ithibati anapouliza tunajuaje kwamba wahitimu wetu wanayaweza hayo, nasi tukamfungulia jedwali la wastani wa alama za kozi. Hoja yangu katika uzi huu ni moja: alama ya kozi si ushahidi wa tokeo la ujifunzaji, na kwa kuvichukulia kuwa kitu kimoja tunakosa kumwona mwanafunzi asiye salama kabla hajakabidhiwa wagonjwa.

Mchukueni mwanafunzi aliyepata 72 katika kozi ya uuguzi wa wagonjwa wazima. Ndani ya 72 hiyo kuna mahudhurio, kazi ya kundi ambayo pengine iliandikwa na mwenzake, majaribio mawili, mtihani wa mwisho wa maswali ya kuchagua, na alama ya wodini ambayo kwa kawaida huwa kati ya 80 na 90 kwa kila mtu. Mmoja anaweza kuwa hodari wa fiziolojia lakini hana mazoea ya kuhakiki jina la mgonjwa kabla ya kutoa dawa. Mwingine akawa kinyume chake kabisa. Na wote wawili wakaondoka na 72. Kazi ya wastani ni kufidia upungufu wa hapa kwa ziada ya pale. Katika masomo mengi hilo halina neno, lakini mgonjwa aliyepewa dawa ya kitanda cha jirani hafidiwi na insha nzuri ya nadharia za uuguzi.

Mwaka 1990 George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alipendekeza ngazi nne za kupima umahiri wa kitabibu ambazo bado zinatufaa: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha namna ya kufanya, na juu kabisa, anatenda kazini. Matokeo yetu ya ujifunzaji karibu yote yameandikwa kwa vitenzi vya ngazi ya juu, ilhali sehemu kubwa ya alama zetu inatoka katika ngazi mbili za chini. Kwa hiyo napendekeza tuliulize kila tokeo maswali manne: mwanafunzi alionekana wapi akilifanya, nani alimwona, alimpima kwa kigezo gani, na alionekana mara ngapi? Tokeo lisilo na majibu hayo halijapimwa, hata kama limeandikwa katika muhtasari wa kozi kumi. Naomba michango yenu.

#2 Mtahini wa Nje

Nakubaliana na mleta mada, lakini nitahadharishe kwamba hata tukipanda ngazi ya kuonyesha, wastani unatufuata huko huko. Mtihani wa vituo, ule ambao wengi tunauita OSCE, ulielezwa na Ronald Harden na wenzake wa Dundee mwaka 1975 ili kuondoa bahati nasibu ya mtihani wa zamani, ambapo kila mwanafunzi alipata mgonjwa wake na mtahini wake. Kila mwanafunzi anapita vituo vile vile, kwa muda ule ule, na anapimwa kwa orodha hakiki ile ile. Ni hatua kubwa na siibezi.

Sasa tazameni kituo cha kutoa dawa ya kumeza. Orodha hakiki ina vipengele 20 vya alama moja moja: amenawa mikono, amejitambulisha, amesoma karatasi ya dawa, amehakiki jina na namba ya mgonjwa, ameuliza kuhusu mzio, amekagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuendelea hadi kuandika na kuweka sahihi. Mwanafunzi anafanya yote kwa ufasaha, ila hamwulizi mgonjwa jina wala haangalii utepe wa mkononi. Anapata 19 kati ya 20, yaani 95%. Mwingine anasahau kujitambulisha na anapata 95% vilevile. Karatasi inatuambia hawa wako sawa, na kila muuguzi aliyewahi kushika zamu anajua kwamba hawako sawa hata kidogo.

Dawa yake si ngumu. Vipengele vya usalama vitengwe na alama: ukikosa hicho, kituo kizima umeshindwa, bila kujali ulichopata kwingine. Baadhi ya mamlaka zimeshafika huko kwa upande wa hesabu. Viwango vya baraza la uuguzi na ukunga la Uingereza vya mwaka 2018 vinataka mtihani wa hesabu za dawa ufauliwe kwa 100%. Mtu anaweza kusema ni ukali uliopitiliza, lakini swali lenyewe ni la aina hii: dripu ya ml 1000 iende kwa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa ml moja, ni matone mangapi kwa dakika? Jibu ni 42 hivi. Anayekosea mara mbili katika maswali kumi atakosea pia siku mgonjwa atakapokuwa mtoto mchanga na dawa yenyewe ikiwa potasiamu.

Pamoja na orodha hakiki, mtahini apewe pia nafasi ya kutoa hukumu ya jumla: amefaulu wazi, yuko mpakani, ameshindwa. Orodha ndefu humpendelea anayekariri hatua, na mtahini mzoefu huona mambo ambayo vipengele 20 havikuyatarajia.

#3 Mratibu wa Mitaala

Ndugu mleta mada, nayaheshimu maneno yako, lakini naomba uwaonee huruma waratibu. Programu yetu ina matokeo 14 ya programu na kila kozi ina yake 6 au 8. Tumechora ramani ya mtaala inayoonyesha kila kozi inachangia tokeo gani, na karibu kila kisanduku kimetiwa alama ya vema. Ukitaka kila kisanduku kiwe na ushahidi wa mtu aliyeonekana akitenda, wakufunzi wataacha kufundisha wawe makarani.

#4 Mleta mada

Ndugu Mratibu, ramani ambayo kila kisanduku kimetiwa vema haielekezi mtu popote. Kozi ya takwimu haihitaji kudai kwamba inapima huruma kwa mgonjwa. Pendekezo langu ni kwamba matokeo ya programu yapunguzwe hadi sita au saba, na kila moja lipewe sehemu mbili au tatu tu za kupimwa kwa dhati: moja mapema, kwa ajili ya kumrekebisha mwanafunzi, na moja au mbili karibu na mwisho wa programu, kwa ajili ya uamuzi. Kozi nyingine ziendelee kufundisha na kufanyisha mazoezi bila kudaiwa ripoti. Kazi ya makarani itapungua kuliko ilivyo sasa.

#5 Muuguzi Mlezi

Mimi si mwalimu wa chuo. Ni muuguzi wa wodi ninayepokea wanafunzi. Nawashukuru kwa mjadala, ila naona mnaongea zaidi juu ya maabara ya stadi kuliko mahali ambapo wanafunzi wanatumia nusu ya masomo yao. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inadai saa 4600 za mafunzo kwa muuguzi wa huduma za jumla, na angalau nusu ziwe za kliniki. Saa hizo zinahesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Kilichofanyika ndani yake ndicho hakihesabiwi.

Niwaeleze fomu ninayoletewa na chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ina vipengele kama "ana mtazamo wa kitaaluma", "ana ari ya kujifunza", "anashirikiana na wenzake", na kila kimoja kinapewa 1 hadi 5. Inaletwa Ijumaa ya mwisho, mwanafunzi akiwa ameshabeba begi, na pembeni kuna kitabu cha mazoezi chenye taratibu 60 zinazosubiri sahihi. Ukifungua vitabu vya wanafunzi wa kundi moja utakuta sahihi za wiki zote zina wino mmoja na mwandiko wa haraka ule ule. Mnategemea nini? Nikimpa 2 mtu aliyekuwa na adabu, nitaandika maelezo ya kurasa mbili, nitaitwa kwenye kikao, na pengine chuo kitaubatilisha uamuzi wangu kwa sababu sikumwonya kwa maandishi wiki ya pili. Nikimpa 4, nakwenda nyumbani.

Jambo hili si la wodi yangu pekee. Mwaka 2003 Kathleen Duffy alichunguza huko Scotland jinsi walezi wa kliniki wanavyowapitisha wanafunzi wenye mashaka: wanatumaini wataimarika mbele ya safari, wanachelewa kuandika tatizo, au wanaona si haki kumwangusha mtu aliyebakiza miezi michache. Mwanafunzi anasogezwa kutoka wodi hadi wodi, kila mlezi akimwachia anayefuata.

#6 Mleta mada

Ndugu Muuguzi Mlezi, mchango wako ndio kiini cha mada hii, na naomba niukalie kidogo.

Fomu uliyoieleza inapima tabia ya kupendeza, tena kwa kumbukumbu ya mwisho wa wiki nyingi. Tunachohitaji ni uchunguzi mfupi mfupi wa kazi halisi: dakika 15 za kumtazama mwanafunzi akipokea mgonjwa mpya, au akikabidhi zamu, au akimweleza mgonjwa wa kisukari namna ya kujidunga insulini, kisha dakika 5 za kumrudishia maoni, na mistari mitatu ya maandishi: alichofanya, kilichokosekana, na ni kiasi gani cha usimamizi alichohitaji. Kipimo hiki cha mwisho nakiona bora kuliko 1 hadi 5, kwa sababu mlezi hana haja ya kubuni alama. Anaeleza tu kama ilibidi aingilie kati, aelekeze kwa maneno, au asimame pembeni tu. Uchunguzi mmoja hauna uzito wa kumwangusha wala kumpitisha mtu. Ukiwa na kumi, wa walezi tofauti na wagonjwa tofauti, unaanza kuona mwelekeo, na yule mlezi wa mwisho habebi peke yake mzigo wa kusema hapana: uamuzi unafanywa na kamati inayosoma ushahidi wote.

Kuna tokeo moja ambalo fomu za sasa hazilioni kabisa, nalo ni uamuzi wa kitabibu. Mfano: mgonjwa wa kilo 60, saa 6 baada ya kupasuliwa tumbo. Alipotoka chumba cha upasuaji mapigo ya moyo yalikuwa 84 na shinikizo la damu 124/78. Sasa mapigo ni 118, shinikizo 96/60, mkojo ml 20 kwa saa, ngozi ni ya baridi, na bandeji ni kavu. Mwanafunzi wa kwanza anapima kila kitu kwa usahihi, anaandika chati safi kabisa, anaona bandeji kavu na anaridhika. Wa pili anapima vilevile, lakini analinganisha namba za sasa na za mwanzo, anakumbuka kwamba mgonjwa wa uzito huo alipaswa kutoa angalau ml 30 za mkojo kwa saa, anashuku damu inavuja ndani, anamwita daktari na hamwachi mgonjwa peke yake. Orodha hakiki ya kupima ishara muhimu za mwili itawapa wote alama kamili.

Christine Tanner, mwaka 2006, aliugawa uamuzi wa muuguzi katika sehemu nne: kugundua, kufasiri, kuitikia na kutafakari. Mwaka uliofuata Kathie Lasater akaugeuza mgawanyo huo kuwa rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kupimia, yenye vipengele 11 na ngazi nne, kila ngazi ikiwa na maelezo ya kinachoonekana. Mwanafunzi wa kwanza aligundua namba na hakuzifasiri. Nikijua hilo najua cha kumfundisha. Nikijua kwamba ana 72, sijui lolote.

#7 Mwalimu wa Takwimu

Naingia kwa upande wa mtihani wa maandishi, maana nahofia mjadala unauacha kana kwamba hauna kazi. Tatizo la maswali yetu ya kuchagua ni kwamba mengi yanauliza tafsiri ya istilahi. Mgonjwa wa mleta mada hapo juu angeweza kabisa kuwa swali la kuchagua: apewe mwanafunzi namba zile, kisha aulizwe afanye nini kwanza, na majibu ya uongo yawe mambo ambayo mwanafunzi dhaifu angeyafanya kweli. Mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ulibadilishwa Aprili 2023 kwa mwelekeo huo, ukaongezewa visa vinavyoendelea hatua kwa hatua ili kupima uamuzi.

Baada ya mtihani, msisahau kuyapima maswali yenyewe. Angalieni asilimia ya waliopata kila swali, na kama waliofanya vizuri katika mtihani mzima walilipata zaidi kuliko waliofanya vibaya. Swali ambalo wanafunzi bora wanalikosa na dhaifu wanalipata mara nyingi lina ufunguo uliokosewa (jibu lililowekwa kuwa sahihi silo) au maneno yenye utata, na liondolewe kabla matokeo hayajatangazwa. Darasa likiwa la watu 40 namba hizi huyumba, kwa hiyo zitumieni kama kengele ya kuwashtua, hukumu itoke kwa wasomaji wa swali.

Na alama ya kufaulu ya 50 imetoka wapi? Mtihani mgumu wa mwaka huu na mwepesi wa mwaka jana hauwezi kuwa na mstari mmoja. Njia inayohusishwa na William Angoff, ya tangu 1971, inawataka wataalamu wamfikirie mwanafunzi anayestahili kupita kwa shida, kisha wakadirie kwa kila swali uwezekano wa mwanafunzi huyo kulipata. Wastani wa makadirio yao ndio mstari. Inachukua mchana mzima, na ubishi wake wenyewe hufundisha mengi.

#8 Mwaka wa Nne

Shikamooni walimu wangu. Naomba kuuliza mambo mawili kama mwanafunzi. Kwanza, kila mwisho wa muhula tunajaza dodoso la kujipima, "najiona nina uwezo wa kumhudumia mgonjwa mahututi" na mengine ya namna hiyo. Je, huo nao ni ushahidi? Pili, baadhi yetu tumefanya mazoezi mengi kwa sanamu la mafunzo na wagonjwa wa kuigiza kuliko wodini. Je, tutapimwa kwa haki?

#9 Mtahini wa Nje

Marahaba, mwanangu. Dodoso la kujipima linatueleza jinsi unavyojiamini, na kujiamini kuna faida zake, lakini halithibitishi uwezo. Mara nyingine asiyejua kitu ndiye anayejipa 5, kwa sababu hajaona bado kina cha asilolijua. Ripoti inayotegemea madodoso peke yake naikataa kila ninapoletewa. Madodoso yanafaa pale yanapopingana na ushahidi mwingine: darasa likijipa alama za juu kwa jambo ambalo vituo vinaonyesha wameshindwa, hapo kuna la kufanyia kazi.

Kuhusu mazoezi ya kuigiza, usiwe na wasiwasi wa kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa baraza la kitaifa la bodi za uuguzi la Marekani, uliotolewa 2014 na kuhusisha vyuo 10, ulikuta kwamba hadi nusu ya saa za kliniki zinaweza kubadilishwa kwa uigizaji bila tofauti kubwa katika matokeo ya mwisho, ikiwemo kufaulu mtihani wa leseni. Ila sharti lake watu hulisahau: uigizaji uwe wa viwango, na kila zoezi lifuatwe na mazungumzo ya kina yanayoongozwa na mtu aliyefunzwa. Sanamu la bei kubwa lililofungiwa kabatini halibadilishi saa hata moja.

#10 Mratibu wa Mitaala

Nimeelewa hoja ya kupunguza visanduku na nitaipeleka kwenye kamati. Lakini swali langu la msingi halijajibiwa: ikiwa 90% ya wahitimu wetu wanafaulu mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza, mkaguzi anataka nini zaidi?

#11 Mleta mada

Kiwango cha kufaulu leseni ni ushahidi halali, na programu inayokiona kikishuka miaka miwili mfululizo ina la kujiuliza. Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, kinakuja wanafunzi wakiwa wameshaondoka, hivyo hakimsaidii yeyote kati yao. Pili, ni namba moja kwa matokeo yote, nayo inatoka katika mtihani wa maandishi au wa kompyuta ambao haujamwona mtu akigusa mgonjwa. Tatu, na hili si siri katika taaluma, kinaweza kupandishwa kwa kuwazuia wanafunzi dhaifu wasifike kwenye mtihani, kwa mtihani wa kutokea, yaani wa chuo chenyewe kabla ya ule wa leseni, unaowekwa muhula wa mwisho. Namba inapendeza na ufundishaji umebaki ule ule.

Ningependa ripoti yako iseme hivi: tokeo la kukabidhi mgonjwa kwa usalama lilipimwa kwa kituo kimoja mwaka wa pili na kwa uchunguzi wodini mwaka wa nne, wengi walitoa historia vizuri lakini hawakusema wanataka nini kutoka kwa anayepokea, kwa hiyo zoezi la makabidhiano limeingizwa katika mazoezi ya mwaka wa tatu, na kundi lijalo litapimwa kwa kipimo kile kile. Mkaguzi akisoma aya hiyo hatakuuliza wastani.

#12 Muuguzi Mlezi

Na hiyo fomu mpya ya mistari mitatu, naomba ije na mwanafunzi siku anayoripoti wodini, ikiwa imeandikwa namba ya simu ya mkufunzi ambaye nitampigia wiki ya kwanza nikiona jambo, badala ya kusubiri Ijumaa ya mwisho.

#13 Mleta mada

Imepokelewa. Nitaweka hapa rasimu ya fomu ikishapitiwa na walezi wenyewe, na ningeomba Mwalimu wa Takwimu atusaidie kupanga ni chunguzi ngapi kwa uchache kamati izione kabla ya kutoa uamuzi.

#14 Mwalimu wa Takwimu

Leteni kwanza chunguzi za muhula mmoja, hata kama ni za wodi mbili tu. Nitaangalia walezi wanatofautiana kiasi gani wanapomtazama mwanafunzi yule yule, ndipo tutajua idadi.